Mashua Iliyofungwa Usukani wa Chukudu

Ukitaka kunikosesha hamu ya kula, usinitukane. Niulize tu, mbele ya watu, kama chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inaweza kuelea. Pale Goma kuna watu wazima, wenye wake na watoto, ambao hadi leo hawaniamkii kwa "jambo" kama binadamu wengine: wananyoosha mikono miwili mbele kama mtu aliyeshika usukani, wanapinda kiuno upande, kisha wanafanya "pshhh" kama maji. Nimeishi Bukavu, nimeishi Kisangani, nimelala Bujumbura na Kampala na mahali pengine ambapo jina nimelisahau, na huko kote mimi ni Bauma, mtu wa heshima ya kutosha. Lakini nikirudi Goma, kabla sijashusha mguu kwenye lori, mimi ni Chukudu ya Maji.

Basi wacha niwaeleze mwenyewe, maana kila mtu anaeleza kivyake, na wale ambao siku ile hawakuwepo ndio wanaoeleza kwa ufundi zaidi.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, tulipokuwa tunaitana "citoyen", yaani mwananchi, hata na mtu mnayegombania naye kiti, tai zilikuwa zimekatazwa, na mwanaume wa maana alivaa koti la abakosi lililofungwa vifungo mpaka kooni. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kisangani bila kitu isipokuwa hadithi, na hadithi, nadhani, ndizo zilizompendeza Kavira. Kavira alikuwa binti wa Papa Katembo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu mnene, mpole, mwenye duka kubwa mjini. Baba alinipenda. Shida ilikuwa mama.

Mama yake Kavira tulimwita Mama Masika, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote yalikuwa yakinihusu. "Huyu ni mutu ya njia," alisema. "Leo iko hapa, kesho utasikia iko Kindu, na mutoto yangu atabaki anaangalia barabara." Aliyasema hayo mimi nikiwa nimeketi palepale, tena karibu, ila hakuniambia mimi. Alimwambia Kavira, na Kavira aliniambia mimi, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya mto. Maana kwetu sisi wa milima ya Masisi, na kwao pia, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa: humtazami usoni, humsemeshi moja kwa moja, na kumgusa, hata ncha ya kidole, ni kuvunja bukwe, ile heshima ya ukwe. Tulikuwa tumeshakunywa kinywaji cha kwanza cha kubisha hodi, kwa hiyo nilihesabiwa tayari kuwa nusu mkwe, na nusu mkwe ana masharti yote ya mkwe bila faida hata moja.

Jibu la posa yangu lilikuwa linamsubiri Muzee Paluku, kaka yake Mama Masika, ashuke kutoka Butembo. Angefika Jumapili fulani, angesikiliza, na familia ingesema ndiyo au hapana. Papa Katembo, aliyekuwa upande wangu, akapata wazo la kumlainisha shemeji yake: atamtembeza ziwani kwa mashua.

Mashua hiyo inahitaji maelezo. Duka la Papa Katembo zamani lilikuwa la Mgiriki mmoja, na Papa Katembo alikuwa karani wake. Maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi, Mgiriki akaondoka, karani akawa mwenye duka, na nyuma ya duka, chini ya turubai, akakuta ile mashua ndogo ya tanga ambayo Mgiriki alikuwa akienda nayo ziwani kila Jumapili. Mara nyingi alimchukua karani wake amshikie chupa na mkate. Usukani hakumruhusu kuugusa hata siku moja. Kwa hiyo Papa Katembo alikuwa ameketi miaka mingi ndani ya mashua hiyo akitazama mikono ya mtu mwingine, na sasa mashua ni yake, na ndani yake kuku wanataga.

"Bauma," aliniuliza, "weye uliishi kwa fleuve kule Kisangani. Unajua mashua?"

Nilikuwa nimepanda meli kwenye mto ule, ndiyo, nikiwa abiria, juu ya magunia ya samaki wa kukausha, na nusu ya safari niliilala. "Najua, Papa," nikasema.

Nikawaondoa kuku. Mwili wa mashua ulikuwa mzima, tanga lilikuwa na viraka lakini lilikuwa tanga, mlingoti ulikuwa umenyooka kuliko mimi. Ugonjwa wote ulikuwa kwenye usukani. Ule ubao wa nyuma unaozama majini na kugeuza mashua ulikuwa umening'inizwa kwa pini mbili za chuma zinazoingia kwenye pete mbili, kama mlango kwenye bawaba zake, na pini zilikuwa zimelika hadi kuwa nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, pete zimepanuka, na usukani mzima ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Na ule mkono wa mti unaoshikwa na mwenye kuongoza, mchwa walikuwa wamekula ndani yake wakaacha rangi tu. Niliushika, ukawa unga.

Nilitafuta vyuma vile mji mzima. Kwenye magereji walinionyesha vyuma vya malori. Muuzaji mmoja wa misumari aliniuliza kama ni bawaba za choo ninazotafuta. Siku zilikuwa zinakwisha, Muzee Paluku alikuwa njiani, nami nilikuwa natembea mtaa wa Ndosho na kichwa chini, pale chukudu ilipokata kona mbele yangu ikiwa na mlima wa makaa, mwenyewe amepiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, mikono miwili kwenye usukani, na ile kona aliikata kwa ulaini ambao ungemtoa machozi mtu aliyekulia kazi ile. Na mimi nilikulia kazi ile. Ujana wangu wote niliutumia kushuka kutoka Kibumba na viazi na kabichi, upepo masikioni. Nikasema moyoni: Bauma, mjinga wewe, bawaba nzuri kuliko zote duniani zinapita hapa mbele ya pua yako.

Nikaenda kwa Hangi. Hangi alikuwa rafiki yangu wa utotoni, mtengenezaji wa chukudu, fundi wa kweli na msemaji asiyechoka.

"Mashua?" aliniuliza. "Iko na magurudumu?"

"Hapana."

"Basi inageukaka namna gani?"

"Kwa ubao. Uko nyuma."

"Nyuma!" Aliweka shoka chini. "Chukudu inageukia mbele. Mutu anageukia mbele. Ng'ombe, mbele. Ni kitu gani kinageukia matako?"

"Samaki," nikasema.

Akafikiri. "Ndiyo maana tunabashikaka," akasema, akaokota shoka.

Alinichongea kazi safi, siwezi kumlaumu. Pini mbili nene alizipata kwenye chuma cha lori lililokufa, pete mbili akazipiga zikakaa juu ya pini bila kucheza hata kidogo. Halafu, kwa kuwa mkono wa usukani uliliwa na mchwa, akanipa usukani kamili wa chukudu, wa mkaratusi, wenye mikono miwili iliyozungushwa mpira wa tairi, juu ya nguzo yake. Nguzo ningeisimamisha katikati ya mashua mbele ya mwongozaji, na kamba mbili zingetoka kwenye mikono yake kwenda nyuma kuvuta ule ubao. Alitaka pia kuniwekea breki, kile kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu. Nikamwambia majini hakuna breki. "Ni weye unajua," alisema, kwa sauti ya mtu anayenawa mikono.

Nikaenda kuijaribu peke yangu, asubuhi, mahali ambapo hakuna watu. Na hapo ndipo lilipoanza. Nilipopinda usukani kuume, mashua ilikwenda kushoto. Nilipopinda kushoto, ilikwenda kuume. Nikagonga mawe, nikarudi, nikagonga mawe yaleyale. (Ninyi mnaojua mashua mnacheka, najua. Mashua za aina ile ya Mgiriki zote ziko hivyo, mkono wake unausukuma kinyume na unakotaka kwenda. Mimi sikujua. Mtu wa chukudu akikutana na chombo kinachokwenda kushoto unapokiambia kuume, hasemi "ndivyo kilivyo." Anasema kinaumwa.) Basi nikakitibu. Nikafungua zile kamba mbili, nikazipishanisha, ya kuume nikaipeleka kushoto na ya kushoto kuume, nikafunga. Nikasukuma tena. Kuume ikawa kuume! Ilikwenda kama chukudu kwenye lami, nikaizungusha, nikaandika nayo namba nane juu ya maji, nikacheka peke yangu pale ziwani kama mwendawazimu.

Kazi ya kupishanisha kamba mbili haichukui hata muda wa kukoboa hindi moja. Na sikumwambia Papa Katembo. Sikuwa na nia mbaya. Alipoona ule usukani wenye pembe mbili aliuliza, "Na hii?" nikajibu, "Modèle mupya, Papa," naye akasema, "Muzuri sana," akapitisha mkono juu ya mpira wa tairi kwa mapenzi. Hakuuliza zaidi. Ningejuaje kwamba mtu yule alikuwa amebeba kitu kichwani kwa miaka yote ile?

Jumapili ikafika. Tulitoka Misa na kwenda ufukweni na nguo zetu za kanisani, na kwa kuwa Papa Katembo alikuwa amewaeleza watu wachache, na watu wachache wa Goma wana ndugu wengi, ufuko ulijaa: bamama waliokuwa wameanika shuka kwenye mawe meusi, askari wa kambi ya Katindo waliokuwa na ruhusa, na wenzangu wa zamani, watu wa chukudu, wameegemea vyombo vyao kama watu waliokuja kukagua. Muzee Paluku alikuwa mzee mkavu mwenye kofia, mtu wa milima ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye pipa. Aliingia akiwa ameshika rozari na akaketi chini ya mlingoti akaukumbatia. Papa Katembo aliketi mbele katika abakosi ya kijivu. Mama Masika aliketi upande wa kuume, amevaa kitenge kipya cha wax na kilemba kirefu kama mnara wa parokia, na katikati yetu, kama adabu inavyotaka, tukamweka Kavira.

Kwenda kulikuwa kuzuri, jamani. Nyiragongo nyuma yetu na moshi wake, maji ya bluu, na mimi nimeshika mikono miwili kama bwana. Muzee Paluku alifungua jicho moja, baadaye yote mawili, akasema, "Huyu kijana anajua kazi." Papa Katembo akavimba kwa furaha.

Mama Masika akasema, "Kavira, umwulize kama hii maji iko na mwisho."

"Bauma, mama anauliza kama maji iko na mwisho."

"Umwambie mama mwisho wake ni Bukavu."

"Umwambie najua iko Bukavu," akasema Mama Masika bila kungoja tafsiri. "Umwulize kama anafikiria kutupeleka, ao atatuacha katikati ajiendee."

Muzee Paluku alicheka mpaka kofia ikasogea. "Muache mutoto wa watu," akamwambia dada yake. "Tukifika inchi kavu, tutaongea ile mambo. Naona sina tena maneno mengi." Nikamwangalia Kavira, Kavira akaangalia maji, na kama ningekuwa na akili ningeomba upepo usimame palepale.

Lakini tuligeuka kurudi, upepo sasa uko mgongoni unatusukuma kwenda ufukweni, tanga limefunguka lote upande wa kushoto, na ule mti mrefu unaolishika tanga kwa chini umetoka nje juu ya maji kama mkono wa polisi. Na Papa Katembo akasimama.

"Mutoto yangu," akasema, "sasa unipe."

"Papa, hii modèle mupya iko na..."

"Unipe. Mimi nilikuwa ndani ya hii mashua mbele weye ujue hata jina yake." Akaishika mikono miwili, akaketi mahali pangu, na uso wake ukabadilika, ukawa wa kijana. Kisha akamgeukia mke wake na shemeji yake, akasema polepole, kama mtoto anayesoma katekisimu mbele ya padri: "Unataka kuume, unasukuma kushoto. Unataka kushoto, unasukuma kuume. Miaka yote niliangalia ule Mugiriki. Hakunipatia hata siku moja. Lakini nilishika."

Nawaomba mjiweke mahali pangu. Mtu ameihifadhi kanuni moja maisha yake yote, anaitoa mara ya kwanza, mbele ya mke, shemeji na binti, na wewe ni mkwe, tena nusu, ndiye uliyeigeuza juu chini kwa kamba mbili. Utamwambiaje baba mkwe kwamba amekosea, hadharani? Kwetu hilo halisemwi. Nikakohoa. Nikasema, "Papa, labda, kwa fikra yangu ndogo, hii ya leo inapenda kusukumwa kidogo tofauti..." Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda moja kwa moja, hakuna kilichotokea, nikajidanganya kwamba tutafika hivyohivyo.

Mahali pa kutia mashua palikuwa kuume. Kushoto palikuwa mawe meusi ya volkano na shuka za bamama. Papa Katembo akataka kuume. Akasukuma kushoto. Mashua, kwa utii ambao mimi ndiye niliyeifundisha, ikaenda kushoto.

"Inakataa," akasema, akasukuma zaidi.

"Papa, ile ingine!"

"Ile ingine gani?"

"Sukuma kuume!"

"Nikisukuma kuume tutaenda kushoto!"

"Tayari tunaenda kushoto, Papa!"

"Ndiyo maana nasukuma!"

Hapo nikaona tanga linaanza kutetemeka ukingoni, na nikaelewa kwamba upepo ulikuwa karibu kulikamata kwa upande wa pili, na ule mti wake ungevuka mashua nzima kutoka kushoto kwenda kuume kwa nguvu zote, na kuume alikuwa ameketi Mama Masika, amenyooka, kilemba kimenyooka, anatazama ufuko kwa dharau. Kilichotakiwa ni neno moja: inama! Mtoto wa miaka mitano angelipiga kelele. Lakini ulimi wangu ulilelewa vizuri. Nikasema, kwa haraka lakini kwa adabu:

"Kavira, umwambie mama, kwa heshima yote, ainame."

"Mama," akasema Kavira, "Bauma anaomba uiname."

"Umwulize," akasema Mama Masika, "niinamie nani?"

Kavira akanigeukia. "Anauliza ainamie na..."

Ule mti ukapita. Kavira, ambaye ni mfupi, ulimpita juu. Kilemba ulikichukua kwanza, kikaruka peke yake kama ndege, na Mama Masika akakifuata, wima hivyohivyo, hata hakupiga kelele, akaingia ziwani kama mtu aliyeitwa.

Papa Katembo kwa mshtuko akavuta usukani kwa mikono yote miwili, na nguzo yake, ambayo Hangi aliitengenezea kusukumwa na siyo kung'olewa, ikang'oka. Hiyo ndiyo picha ambayo Goma imeihifadhi: bwana mnene ndani ya abakosi ya kijivu, amesimama katikati ya mashua, ameshika usukani wa chukudu ambao haujashikana na kitu chochote, anaupinda kuume, anaupinda kushoto, na mashua inakwenda inakotaka. Na watu wa chukudu kutoka ufukweni:

"Papa, mulima! Sukuma, Papa!"

"Piga goti! Piga goti, njo ipande!"

"Breki! Iko wapi breki?"

(Hangi alikuwepo. Ndiye aliyesema breki.)

Mashua ikapanda mawe, ikajikunja ndani ya shuka za bamama, ikasimama imevaa nyeupe kama siku ya komunyo, Muzee Paluku bado amekumbatia mlingoti anasema Salamu Maria, na bamama wakatutukana kwa lugha zote za mkoa.

Hayo niliyasikia zaidi kuliko kuyaona, kwa sababu nilikuwa nimesharuka majini. Nilimkuta Mama Masika ameshikiliwa juu na wax yake iliyojaa hewa, kidevu kiko juu, macho mbele. Nikafika umbali wa mkono mmoja. Nikasimama, yaani nikapiga miguu palepale, kwa sababu zaidi ya hapo bukwe lilikataza. Nikageuka kumtafuta Kavira atafsiri. Kavira alikuwa kwenye mawe, ndani ya shuka.

Nikafanya nililoweza. Nikaliambia ziwa.

"Yee maji," nikasema, "umwambie mama ashike bega langu."

Mama Masika naye akaliangalia ziwa. "Maji, umwambie huyu mutu asinikaribie."

"Maji, umwambie mama nguo iko inajaa."

"Maji, umwambie..." Hewa ikatoka ndani ya wax yake kwa sauti ndefu, akazama mpaka pua, akatoka anakohoa, na kitu kilichofuata ni mikono yake miwili shingoni mwangu, kucha zote kumi zimeingia, uso wake sikioni kwangu, na sauti ndogo, ambayo sikuijua, iliyonisemesha mimi mwenyewe bila kupitia kwa mtu: "Usiniachilie."

Sikuachilia. Baada ya kuogelea kidogo miguu yangu ilikanyaga chini, maji yalikuwa ya kifuani tu, angeweza kusimama mwenyewe, lakini hakushuka na sikumwambia. Nikatoka naye mgongoni mbele ya watu wote waliotoka Misa. Watu walitutazama kama wanaotazama kitu watakachowahadithia wajukuu. Kisha askari mmoja akasema, bila hata kupaza sauti: "Kumbe hii chukudu ya maji inabebaka na bamama." Hapo ndipo nilipobatizwa.

Kesi ilikaa saa hiyohiyo, sebuleni kwa Papa Katembo. Nguo zangu zilikuwa zinachuruzika, kwa hiyo waliniazima abakosi yake moja, ambayo ilikuwa na nafasi ya Bauma mwingine ndani, na nikafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Mama Masika aliketi pembeni katika nguo kavu, kichwa kimefungwa kitambaa kidogo, anaangalia ukuta.

"Tulikuja kuongea ndoa," akasema Muzee Paluku. Kofia yake ilikuwa imebaki kwa samaki, na bila kofia alionekana mkali zaidi. "Ya mashua sitaiuliza. Mashua ni ujinga, na ujinga hauna kesi. Nauliza moja tu. Bukwe ilivunjwa mbele ya parokia nzima. Nani alishika mwenzake?"

Nataka mwelewe uzito wa swali hilo. Ikiwa ni mimi niliyemshika, kosa ni langu, na familia ilikuwa na haki ya kunifungulia mlango nitoke na posa yangu. Ikiwa ni yeye aliyenishika, aibu ni yake, wao ndio wangenisafisha mimi, na baada ya aibu kama hiyo wangenikatalia binti yao kwa mdomo gani? Na ukweli ulikuwa upande wangu, jamani, kwa mara moja katika maisha. Ulikuwa umeandikwa shingoni kwa kucha kumi.

Nikamtazama Kavira. Kavira alinitazama kwa macho ya mtu asiyetaka kuchagua. Mama Masika bado alitazama ukuta, lakini mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kiti jinsi ilivyonishika mimi.

"Ni mimi, Muzee," nikasema. "Nilimushika."

"Batu banasema ni yeye alikushika ku shingo."

"Batu walikuwa mbali, Muzee."

Akaniinamia. "Fungua hicho kifungo cha juu."

"Niko na baridi, Muzee."

"Fungua."

"Baridi ya ziwa ni mbaya sana, Muzee."

Papa Katembo alikuwa anachunguza kucha zake. Kisha kutoka pembeni, bila kugeuza kichwa, Mama Masika akasema, "Kavira. Umwambie huyu mutu alete mbuzi."

Kavira akanigeukia. "Mama anasema ulete mbuzi."

"Mbuzi gani?" akauliza Muzee Paluku. "Ya kusafisha hii makosa, ao ya bukwe, ya kuolea mutoto?"

Mama Masika akafikiri, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Umwambie alete zote mbili," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyooa, na ndivyo nilivyopata jina. Kuku walirudi ndani ya mashua, wakataga. Papa Katembo alimwambia kila mtu kwamba mashua ilikataa, na mimi sikumwambia habari ya kamba mpaka alipozeeka, naye akacheka akapata kikohozi, kisha akakasirika kweli, akaninunia wiki nzima. Hangi bado anasema ningekubali breki yasingetokea yote hayo. Nami niliapa, na kiapo hicho nimekishika kuliko vyote: kitu chochote kinachopindwa kwa mikono, iwe baiskeli, iwe lori, iwe toroli ya sementi, sikiongozi. Naketi nyuma. Na nikiona mtu anataka kurekebisha kitu ambacho mwingine amekizoea, hata kama ni kamba ya kuanikia nguo, namwambia: ndugu, mwambie kwanza mwenyewe, hata kama ni baba mkwe, hata kama atakufukuza nyumbani.

Safari sikuziacha, Mama Masika hakukosea. Haya nayaandika Bunia, lori limevunjika ekseli, na ninachokikumbuka ni harufu ya moshi wa makaa ukishuka jioni kutoka Ndosho. Kila ninaporudi ananipokea mlangoni, mzee sasa, hatua mbili kutoka kwangu, na anamwambia Kavira: "Umwulize alitaka kwenda wapi, na alifika wapi." Hajawahi kunisemesha tena moja kwa moja. Mjukuu mmoja alimuuliza mbele yangu kama ni kweli kwamba siku ile majini alisema neno. Akasema hakusema kitu. Mtoto akanigeukia mimi.

"Hakusema kitu," nikasema, nikashika kola yangu.